Kasha la Wete: vitabu 27 vilivyolowa na maamuzi ya mkutubi

Mwezi wa Aprili, masika yamekolea, bati la nyumba moja ya Wete, Pemba, likavuja juu ya chumba cha ndani. Chini ya tundu palikuwa na kasha la mbao la marehemu babu wa nyumba, mtu aliyesomesha barazani kwake miaka mingi. Maji yaliingia usiku, na kasha halikufunguliwa hadi asubuhi ya pili. Ndani mlikuwa na vitabu 27, vingine vya mkono na vingine vya chapa, pamoja na furushi la barua na hati lililofungwa kwa kitambaa. Bibi mwenye nyumba akamtuma mjukuu kwa mkutubi wa skuli ya jirani: "Mwambie mwalimu wenu aje atazame, vitabu vya babu yenu vimeingia maji."

Kisa hiki kimeundwa kwa ajili ya kuwafundishia wakutubi. Nyumba na watu wake ni wa kubuni, ila yaliyowakuta ni yale yale yanayozikuta nyumba nyingi za Pemba na Unguja zenye vitabu vya wazee. Tunachokitazama ni mpangilio wa kazi: lipi lifanywe kwanza, lipi lingoje, na nani aulizwe. Katika visa vya namna hii mvua huharibu kidogo kuliko wema wa haraka unaofuata baada yake.

Kabla ya mkutubi kufika

Mkutubi alifika alasiri. Tangu asubuhi nyumba nzima ilikuwa imehangaika, na kila mmoja alitenda kwa nia njema.

Vitabu vinne vilikuwa vimeanikwa uani kwenye jua kali. Jalada la ngozi hukauka na kusinyaa upesi kuliko karatasi iliyo ndani yake, kwa hiyo hujikunja na kung'oa mshono. Karatasi nayo hukauka pembeni kwanza huku katikati bado ni mbichi, ikafanya mawimbi ambayo hayanyooki tena. Wino mwekundu wa vichwa vya habari hupauka.

Kitabu kimoja kililazimishwa kufunguka. Kurasa zilizoshikana zilivutwa kwa kucha, na maandishi ya upande mmoja yakahamia upande wa pili. Majani matatu ya kitabu kingine yalikuwa yameungwa kwa selotepu. Hili huonekana dogo siku ya kwanza. Baada ya miaka michache gundi ya selotepu hugeuka rangi ya chai, hupenya karatasi, na ukiibandua inaondoka na wino.

La mwisho lilikuwa simu. Mjukuu alipiga picha kama sitini, akazipeleka kwenye makundi mawili ya WhatsApp kuuliza ni vitabu gani. Kitabu cha hati za Kiarabu hufunguliwa kutoka kulia. Yeye, kwa mazoea ya daftari la skuli, alianza kushoto, hivyo picha zote zilikwenda kinyume, mwisho kabla ya mwanzo, vitabu vitano vimechanganyika. Kabla ya adhuhuri mtu asiyejulikana alikwishaandika kuuliza bei.

Mkutubi hakumlaumu mtu. Aliamkia, "Shikamoo bibi," akaitikiwa, akakaa mkekani, na ombi lake la kwanza lilikuwa moja: kisiguswe kitu mpaka vihesabiwe. Tunalisisitiza hili kwa sababu aliyefokewa siku hiyo hatafungua kasha la pili, na nyumba nyingi zina kasha la pili.

Saa 48

Mbegu za kuvu zimo hewani daima. Karatasi ikibaki mbichi mahali penye joto la kwetu, na unyevu wa hewa ukiwa zaidi ya asilimia 65 hadi 70, kuvu huanza kuota ndani ya siku mbili au tatu. Wakati wa masika usiku wa Pemba hupita kiwango hicho bila shida. Vitabu vilikwishakaa zaidi ya saa thelathini katika kasha lililofungwa, kwa hiyo muda uliobaki ulikuwa jioni ile na usiku wake.

Aligawa mafungu matatu kwa kugusa. Vitabu 6 vilikuwa vinachuruzika maji, 11 vilikuwa na unyevu pembeni au kwenye jalada, na 10 vilikuwa vikavu. Vikavu vilihamishwa chumba kingine mara moja, maana kikavu kikilala karibu na kibichi hunywa unyevu wake.

Vile 11 vilisimamishwa wima juu ya meza iliyotandikwa taulo, majalada yamefunguliwa kiasi cha pembe ya digrii 60 hadi 90, kurasa zimetawanyika zenyewe kama feni ya mkono. Feni ya umeme ilielekezwa ukutani isivipige vitabu, kwa kuwa upepo wa moja kwa moja hurarua jani lililolegea na kukausha upande mmoja tu. Vile 6 havikusimamishwa, kwani karatasi iliyojaa maji ni nzito na ikisimama hung'oka mgongoni. Vililazwa, na kila baada ya majani 10 hadi 20 ikatiwa karatasi nyeupe ya kufyonza, ile ya jikoni isiyo na maua wala rangi. Karatasi za kutia zisizidi moja ya tano ya unene wa kitabu, la sivyo mgongo hupasuka. Zilibadilishwa kila baada ya saa mbili au tatu hadi usiku wa manane. Magazeti yalikataliwa, kwa kuwa wino wake huhamia kwenye karatasi mbichi.

Kabla ya kutia karatasi katika kitabu chenye wino mwekundu alijaribu kwanza: pamba iliyolowa kidogo iliguswa kwenye nukta moja isiyo na maana kubwa. Pamba ilitoka na wekundu katika kitabu kimoja, nacho kikaachwa kikauke bila kugandamizwa.

Mikono miwili ya mkutubi wa kawaida isingetosha siku hiyo. Usiku ukamalizika bado kuna vitatu vizito mno. Hivi vilifungwa kimoja kimoja katika mfuko wa plastiki na kupelekwa katika friza ya jirani anayeuza samaki, baada ya kutolewa samaki wote na kuoshwa. Kugandisha hakukaushi, kunasimamisha saa tu. Kitabu kilichoganda hakioti kuvu, nawe ukapata nafasi ya kukitoa na kukikausha kwa zamu yake, wiki ijayo au mwezi ujao.

Madirisha yana somo lake. Watu hufungua usiku kwa kuwa kuna ubaridi, na usiku ndipo unyevu wa hewa yetu hupanda. Mkutubi alifungua kati ya saa tano asubuhi na saa kumi alasiri, siku isiyo na mvua, kisha akafunga. Kiyoyozi cha ofisi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa watu wakitoka kazini ni kibaya kuliko kutokuwa nacho: chumba hupoa mchana, usiku hewa ya joto yenye unyevu huingia, na maji yanatua juu ya majalada yaliyo baridi.

Ukavu ulipimwa kwa mizani ya jikoni. Kila asubuhi kila kitabu kilipimwa na uzito kuandikwa. Uzito usipobadilika siku mbili mfululizo, na mgongo wa mkono usipohisi ubaridi katikati ya kitabu, kimekauka. Ndipo hufungwa, kikawekwa kati ya vibao viwili, juu yake tofali lililovikwa kitambaa.

Kuvu na wadudu

Vitabu vitano vilitoa kuvu hata hivyo. Vilitengwa mpaka kuvu ikakauka na kuwa unga, maana kuvu mbichi ukiifuta unaipaka ndani ya karatasi. Kisha vilipelekwa nje kivulini, mfanyaji akiupa upepo mgongo, amevaa barakoa ya aina ya N95 na glavu, akifagia kwa brashi laini kutoka mshononi kwenda nje. Mwenye pumu hakuruhusiwa kushika kazi hiyo. Siki, mafuta ya taa na klorini ya kufulia havina nafasi hapa. Vinaua kuvu kidogo na karatasi sana.

Matundu ya duara yaliyopita kitabu upande hadi upande ni ya dumuzi. Karatasi iliyolambwa ikabaki nyembamba kama utando ni kazi ya yule mdudu wa rangi ya fedha mwenye nyuzi tatu mkiani. Udongo uliojijenga kama mfereji ni mchwa, na hapo tatizo liko kwenye nyumba kabla ya kitabu. Vitabu vyenye dumuzi, vikiwa vimekwishakauka, vilitiwa katika mifuko miwili ya plastiki iliyotolewa hewa na kurudi friza. Friza ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki moja inatosha. Friza ya nyumbani hukaa kwenye 18, basi wape wiki mbili. Umeme ukikatika kwa muda mrefu hesabu huanza upya. Vikitoka, mfuko usifunguliwe kwa saa 24, kwani jasho la ubaridi linatakiwa litue juu ya plastiki na si juu ya karatasi.

Chini ya kasha palikuwa na karafuu. Wazee wetu walijua walichokifanya. Harufu yake wadudu hawaipendi. Kosa ni karafuu kulala baina ya kurasa, kwa kuwa mafuta yake huacha madoa ya kahawia. Zitiwe katika kifuko cha kitambaa na kuning'inizwa pembeni ya kasha. Vidonge vya nafthalini vilitolewa vyote, kwa afya ya waliolala chumba hicho.

Kusoma kabla ya kupiga picha

Hapa ndipo wengi huharakisha, na ndipo tunapoona thamani halisi ya mkutubi. Mashine inayopiga picha inaweza kununuliwa. Mtu anayejua anachokitazama lazima asomeshwe.

Kwanza mkutubi alitenga vya mkono na vya chapa. Chapa ya mawe, yaani maandishi yaliyochorwa juu ya bamba la jiwe kisha kuchapwa, ilitumika sana Bombay, nayo huigiza mwandiko hata mgeni akadhani ni kalamu. Tazama wino: kalamu ya mkono huanza nzito na kufifia hadi inapochovywa tena, chapa ya mawe ina weusi mmoja mwanzo hadi mwisho. Unguja yenyewe ilikuwa na mtambo wa chapa wakati wa Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, uliochapa vitabu vya madhehebu ya Ibadhi. Kwa kasha hili, 16 vilikuwa vya chapa na 11 vya mkono. Kitabu cha chapa kinaweza kuwa na nakala nyingine duniani, basi kilichoandikwa pembeni na mwenye kitabu ndicho kisichopatikana kwingine. Katika jani tupu la mwisho la kitabu kimoja cha fiqhi mlikuwa na tarehe za kuzaliwa watoto wanane.

Kitabu kilichokuwa kimeng'oka mshono, majani yametawanyika, kilipangwa bila kusomwa chote. Waandishi walikuwa wakiandika chini kushoto mwa ukurasa wa kulia neno linaloanza ukurasa unaofuata. Unalitafuta neno hilo juu ya majani yaliyobaki mpaka lishikane. Majani 84 yalipangwa kwa siku moja na nusu, yakatiwa nambari kwa penseli laini juu ya pembe. Kalamu ya wino haikuingia chumbani.

Tarehe zilikuwa za Hijria, mwisho wa kitabu. Kwa makadirio, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha ongeza 622: mwaka 1289 unaangukia 1872. Mwaka huo si mdogo kwetu. Tufani la Aprili 1872 liliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa na kuwa shamba kuu la karafuu la visiwa. Furushi la barua, ambalo familia ilidhani ni makaratasi ya kutupa, lilikuwa na hati za kuweka rehani mashamba ya mikarafuu katika miongo iliyofuata. Mkutubi asiyeijua habari ya karafuu angeliweka mwisho wa foleni. Huyu aliliweka mbele ya vitabu 16 vya chapa, na tunakubaliana naye.

Orodha ilikuwa na safu kumi na moja: nambari, jina la kitabu kama lilivyoandikwa, mtunzi, mnakili, tarehe, lugha, vipimo kwa sentimita, idadi ya majani, hali, maandishi ya pembeni, na maneno ya bibi. Safu ya mwisho ndiyo iliyochukua siku nyingi. Bibi alijua kitabu kipi kilisomwa Ramadhani, kipi kilitoka Chake Chake kwa mahari, kipi babu alikinakili akiwa kijana. Habari hizo hazimo ndani ya karatasi hata moja.

Tenzi mbili zilikuwa za Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Vijana wa Pemba wamepita chuoni, yaani madrasa, na herufi wanazitambua, ila tangu serikali ya kikoloni ilipoeneza hati za Kirumi skulini, usomaji wa Kiswahili kwa hati hizi umebaki kwa wachache. Herufi moja ya ba inaweza kusomwa b, p au mb, na e haitofautiani na i. Kwa hiyo mkutubi alipanga vikao vya alasiri: wanafunzi wawili wanatamka herufi, bibi anasikiliza na kusahihisha neno, wa tatu anaandika. Penye shaka waliacha alama ya kuuliza bila kubuni. Beti zaidi ya hamsini zilipatikana hivyo, na wanafunzi wale sasa wanasoma bila kushikwa mkono.

Kamera

Ilitumika kamera ya pikseli milioni 24 juu ya stendi, lenzi ikitazama chini wima, taa mbili pembeni kwa digrii 45, na kadi ya rangi na rula katika picha ya kwanza ya kila kitabu. Vitabu vilikuwa vidogo, kurasa mbili zilizofunguliwa hazikuzidi ukubwa wa A4, hivyo kila picha ilizidi nukta 400 kwa inchi. Kitabu kilifunguliwa nusu, mgongo ukilala juu ya taulo zilizokunjwa; kukilazimisha kulala bapa ni kukivunja.

Vya mkono vilikuwa na kurasa 2,400, yaani picha 1,200. Kila picha ya TIFF, faili isiyobanwa, ni megabaiti 72, jumla gigabaiti 86 na kidogo. Jina la faili lilibeba nambari ya kitabu, nambari ya jani na herufi ya upande. Nakala tatu zilitengenezwa: moja ya familia, moja Chake Chake, moja Unguja. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho la Mji Mkongwe, ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, kila mwenye nyaraka katika jengo moja alipaswa kupata homa. Diski hukaguliwa mara moja kwa mwaka kwa kulinganisha alama za ukaguzi za faili (checksum) na zile za mwanzo, kwa sababu diski iliyolala droo miaka mitano inaweza isiwake.

Ni vya nani

Mjukuu alitaka viuzwe. Mjomba alitaka vipelekwe Kilimani, kwenye nyaraka za taifa, ambako mkusanyiko wa hati na vitabu vya Kiarabu uliingizwa mwaka 2003 katika rejista ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO. Bibi alitaka vibaki ndani.

Mkutubi alifungua kurasa za mwanzo. Vitabu viwili vilikuwa na maandishi ya wakfu kwa wanafunzi wa msikiti. Kitu cha wakfu hakiuzwi, hakirithiwi wala hakitolewi zawadi, kwa hiyo hata bibi si mwenyewe. Familia ilielekezwa kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na maneno ya kuuza yakaisha siku ile. Kwa vilivyobaki, mkutubi aliunga mkono kubaki nyumbani huku nakala zikitoka, kama ilivyofanywa Lamu kwa vitabu vya msikiti wa Riyadha. Sisi tungekwenda naye ila kwa sharti: bati litengenezwe kwanza. Heshima kwa mwenye nyumba haizuii maji.

Makubaliano yaliandikwa kwa Kiswahili, ukurasa mmoja na nusu. Vilivyoachwa wazi kwa wasomaji ni vitabu vya dini, tenzi na hati za mashamba. Hati tatu zilizotaja talaka na nasaba ya watumwa wa nyumba zilifungwa kwa miaka 30, kwa kuwa wajukuu wa waliotajwa wanaishi mtaa huo huo. Kitabu cha falaki na buruji, yaani elimu ya nyota, familia haikutaka kionekane, na mkutubi hakubishana. Kilipigwa picha, faili ikakaa kwa familia peke yao. Picha za WhatsApp hazirudi, lakini kundi liliandikiwa kwamba vitabu haviuzwi.

Kasha limerudi juu ya matofali, sentimita 15 kutoka sakafuni na 10 kutoka ukutani. Kila kitabu kimevikwa kitambaa cha marikani kilichofuliwa bila wanga. Plastiki imekataliwa kwa sababu hufungia unyevu. Kipimaunyevu kidogo kimo ndani, na mjukuu hufungua kasha Februari, Aprili, Juni na Septemba na kuandika anachokiona. Kitabu nambari 14, kile kilichovutwa kwa kucha, bado kina majani yaliyoshikana kama ishirini. Hakikulazimishwa. Kimetiwa kijikaratasi cha "kisifunguliwe", na maombi yamepelekwa kwa mtaalamu wa ukarabati wa karatasi mwenye zana za mvuke, ambaye gharama yake familia na skuli wanaichangia.